Uzito Kwanza, Rangi Baadaye: Jibu kwa Msomaji wa Igoma

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Igoma, Mwanza, nina cherehani ya mguu niliyoachiwa na mama mdogo. Mafundi wa jirani wananipa mabaki ya vitenge bure, jinzi za mtumba nachukua soko la Mlango Mmoja. Nimeshashona mikoba minne, sketi na koti moja. Vyote vimevimba kwenye mishono, na dada yangu ananiambia nimejifunga bendera za vyama vyote. Mtandaoni naona watu wanatumia vitambaa hivihivi na vinapendeza. Nakosea wapi? Na nikitaka kuuza, niweke bei gani?"

Marahaba mwanangu, na mwangaluka, kama tunavyosalimiana kwa Kisukuma. Picha ulizotuma nimezikuza nikazitazama mshono kwa mshono. Mkono wako hauna tatizo. Mtu anayenyoosha mstari namna hiyo kwa cherehani ya mguu, tena juu ya jinzi, ameshavuka sehemu inayowakatisha wengi tamaa. Unakosea kabla hujakaa kwenye kiti. Unachagua vipande kwa rangi. Mimi nataka uvichague kwa uzito, rangi uje uitazame mwisho kabisa.

Chukua lile koti. Begani umeunganisha jinzi na kitenge, na chini ya kitenge umeweka kitambaa chepesi cha kung'aa, nadhani ni bitana ya gauni. Jinzi ni nzito, inavuta kuelekea chini. Kitenge kinajaribu kuifuata. Kile chepesi kimekosa pa kushika, kikajikunja. Halafu ukalifua. Ile jinzi ya mtumba imefuliwa huko ilikotoka mara nyingi kuliko tunavyojua, imeshamaliza kurudi. Kitenge kilikuwa kipya, hakijawahi kuonja maji, kikarudi siku hiyo hiyo. Kimoja kimesimama, kingine kimefupika, na wamefungwa pamoja kwa uzi. Wataenda wapi? Ndiyo huo uvimbe unaouona, na hakuna pasi ya kuumaliza.

Kwa hiyo gunia lako limwage sakafuni. Fumba macho, utenge kwa vidole mafungu matatu. Vizito: jinzi, kaki, mapazia mazito. Vya kati: vitenge, kanga, mashuka ya pamba, mashati. Vyepesi: shifoni, satini, bitana. Vitu vya fungu moja vinaweza kuoana bila matatizo. Ukitaka kuchanganya mafungu mawili, kile chepesi lazima kiwekewe kitambaa nyuma yake ili kifikie uzito wa mwenzake. Shuka kuukuu la pamba linafaa sana. Vizito na vyepesi visikutane moja kwa moja. Hilo peke yake lingeliokoa koti lako.

Vile usivyovijua ni nini, vipime kwa moto. Kata kipande kidogo kama kucha, kishike kwa koleo, nje ya nyumba, juu ya sufuria yenye maji, mbali na lile gunia. Pamba inawaka kama karatasi, inanukia karatasi iliyoungua na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kitone kigumu cheusi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Utashangaa ni vitenge vingapi vya siku hizi vinaacha kitone. Sivikatai, vina kazi zake, ila havipandi pasi ya moto mkali, na ukivishona pamoja na pamba usitegemee vifuate tabia moja kwenye maji.

Baada ya hapo, kila kitu kifuliwe. Kila kitu, hata kipande cha kiganja. Vidogo vitie kwenye soksi ndefu au mfuko wa neti, vinginevyo utatoa kwenye beseni fundo moja la nyuzi. Na kabla hujafua vyote pamoja, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kisugue kwenye kila kitenge chekundu, cha buluu iliyoiva na cheusi. Kikiacha rangi kwenye cheupe, kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kama hayatoki meupe, kitoe kwenye kazi za kuvaa. Utaambiwa utie chumvi au siki ili rangi ishike. Nilitia kwa miaka. Kitambaa kilichopakwa rangi kiwandani hakisaidiwi na siki yako. Rangi iliyozidi inaondoka kwa kufuliwa tu.

Hili nimelilipia. Kuna mteja nilimshonea sketi ya kitenge chekundu na lesi nyeupe kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake. Sikufua, nilikuwa na haraka. Mvua ikamkuta njiani, na unajua mvua ya ziwani inavyokuja bila hodi. Alipofika ukumbini, lesi ilikuwa ya waridi kuanzia kiunoni hadi gotini. Nilirudisha hela yote na kitambaa juu. Hakurudi tena, na simlaumu.

Sasa rangi. Dada yako hakosei kuhusu bendera. Kwenye mkoba wa pili nimehesabu vitenge tisa, na vyote vinaongea kwa wakati mmoja. Hebu fanya hivi: chagua kitenge kimoja kinachopiga kelele, kimoja tu. Vingine vyote viwe vimetulia: jinzi, kaki, nyeupe iliyofifia, nyeusi, au kitenge chenye maua madogo ambacho ukikitazama kwa mbali kinaonekana rangi moja. Hiyo ya kutazama kwa mbali ifanye kweli. Panga vipande kitandani, rudi hadi mlangoni, kunja macho nusu. Kipande kinachokurukia peke yake kitoe au kipe mwenzake.

Neno "mwenzake" ndilo siri kubwa niliyonayo kwenye kazi hii. Kitambaa kikitokea mara moja tu kwenye nguo, mtu anadhani umeziba tundu. Kikitokea mara mbili, anajua ulikusudia. Shati la mwanaume la mtumba, la buluu hafifu, ukiliwekea mfuko wa kitenge kifuani, watu watauliza limepasuka wapi. Weka kitenge hicho hicho upande wa ndani wa pindo za mikono, ili akizikunja kitokeze, na watakuuliza umenunua wapi. Kitambaa ulichoongeza hakifiki nusu mita, na shati hukulifumua popote isipokuwa mkononi. Ningekuwa wewe ningefanya mashati kumi ya namna hiyo kabla ya kugusa koti jingine. Koti ni la mwaka ujao.

Kuhusu mtumba, acha kununua nguo. Nunua kitambaa ambacho kwa bahati kimeshonwa. Ukienda Mlango Mmoja usiangalie fasheni wala saizi yako. Tafuta mashati ya XXL, sketi pana, mashuka, mapazia, jinzi za wanaume wenye miili. Shati kubwa la mwanaume lina mgongo mzima usio na mshono. Shikilia nguo juu, mwanga upite nyuma yake: pamba iliyochoka utaiona kwapani na makalioni, imekuwa nyembamba kama chujio, na hapo usikate kitu. Kwenye jinzi soma lebo. Ikiwa na spandeksi inavutika, na inayovutika haikai na kitenge kisichovutika, labda kwenye mkoba wenye kitambaa cha nyuma. Mara nyingine nanunua koti baya kabisa kwa sababu ya vifungo vyake, au suruali iliyooza kwa sababu ya zipu nzuri ya YKK. Muuzaji ananicheka, namwacha acheke.

Mimi huwa nawaza jambo moja nikiwa pale nimeinama kwenye turubai. Tumezungukwa na pamba. Ukiriguru, hapo Misungwi, ndiko zilikotafitiwa mbegu ambazo wakulima wa kanda hii wanazipanda, hata UK 91 jina lake limetoka huko. Sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kisha mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, naamka asubuhi kwenda kutafuta shati la pamba halisi ndani ya belo lililotoka Ulaya. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikashikilia, na 2018 Marekani ikaifungia nafuu ya ushuru kwenye nguo zake. Huku kwetu belo zimeendelea kufunguliwa. Sina jibu la hayo yote. Ninachojua ni kwamba ukikuta shati zito la pamba kwenye rundo, usiliache.

Turudi kwenye mikoba, maana hapo ndipo naona hela yako. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, watu wanabeba ile mifuko mbadala inayochanika kabla hujapanda daladala. Mkoba wa kwenda sokoni una mteja kila siku. Nitakuelekeza mmoja, ukiuweza huo una msingi wa kazi zako nyingine zote.

Upande wa mbele utakuwa wa vipande vya vitenge, wa nyuma wa jinzi. Kata shuka kuukuu la pamba, upana sentimita 38, urefu 42. Hilo ni msingi, halitaonekana. Kata vipande 8 vya vitenge, kila kimoja upana wa 7 na urefu wa 38. Kumbuka kanuni: kimoja cha kelele, vingine vimetulia, na kile cha kelele kitokee mara mbili, siyo katikati. Weka kipande cha kwanza chini kabisa ya msingi, uso juu. Cha pili kiweke juu yake, uso chini, kingo za juu zilingane. Shona sentimita moja kutoka ukingoni, ukipita vitambaa vyote vitatu kwa pamoja. Funua cha pili, kipige pasi, halafu weka cha tatu. Usiruke pasi. Najua makaa yana gharama na umeme una bei, lakini mshono usiopigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwingine haunyooki tena. Kila kipande kitabaki kinaonekana sentimita 5, isipokuwa cha chini na cha juu ambavyo kwa sasa vitabaki 6, na vitapoteza sentimita yao ya mwisho mkoba ukifungwa. Kwa sababu kila mshono umeshikwa na shuka, hata kitenge chepesi kidogo hakina pa kuvimbia.

Nyuma, chukua mguu mmoja wa jinzi ya mwanaume mnene. Ufumue kwa mshono wa ndani ya paja, uutandaze. Ule mshono wa nje utakuja kukaa katikati kama mstari wa pambo. Uache, jinzi ilishajipamba yenyewe. Mguu wa pili unakupa mikanda miwili: kata upana wa 10, urefu wa 65, kunja mara nne upate upana wa 2.5, shona kingo zote mbili.

Bitana, nenda kwa mafundi miavuli. Miavuli iliyovunjika mbavu haina faida kwao, na kitambaa chake hakipitishi maji. Mtu akitoka soko la samaki la Mwaloni na sato anayedondosha maji, mkoba wake haulowi kirahisi. Maji kidogo yanaweza kupita kwenye matundu ya sindano, kwa hiyo usimwahidi mteja ndoo. Kitambaa hicho usikipige pasi ya moto, kitanywea mbele ya macho yako. Mfuko wa salfeti nao unafaa, ila unapiga kelele mtu akitembea, na pasi haiupendi kabisa.

Sindano: namba 14 kwa vitenge, 16 kwa jinzi. Pale mkanda unapokutana na ukingo wa juu, jinzi imekunjwa mara nne na zaidi, weka 18, ponda mkunjo kwa nyundo juu ya ubao mpaka ulale, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Usikanyage. Cherehani ya mguu kama Butterfly ina nguvu kuliko nyingi za umeme za nyumbani, lakini sindano ikigonga mkunjo mgumu kwa kasi inakatika na kuruka, nayo haichagui jicho.

Ndani ya nguo zako pia nimepaona. Nyuzi zinaning'inia. Cherehani yako inashona mstari mmoja tu, haina zigizaga, kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, mpelekee mwenye ovaloki, ile mashine ya kufungia kingo, akupitishie, wengi wanatoza kwa nguo na si ghali. Ya pili ni ya bure: shona kwanza nyuso zikiwa nje, punguza kingo zibaki nusu sentimita, geuza, shona tena ukifungia zile nyuzi ndani. Inachukua muda, lakini mteja anayejua nguo anageuza ndani kwanza. Mimi nikitaka kumjua fundi, siangalii nje.

Mabaki madogo usiyatupe, ila usiyalazimishe pia. Yale yaliyokatwa kwenye kwapa na shingo yana ukingo wa mshazari, yanavutika. Yakate vipande vyembamba uunganishe, upate utepe wa kufungia shingo na mikono usiohitaji bitana. Pembetatu zilizobaki kwenye sketi za vipande ni bendi za kichwani na vibanio vya nywele. Vinavyobaki chini ya sentimita 3 visuke kama nywele, uzungushe na kushona, upate kitu cha kuwekea sufuria ya moto, ikiwa ni pamba. Makombo kabisa yajaze mto wa kukalia chini, si wa kulalia. Ni mazito na yana mabonge, mtu ataamka na shingo imepinda.

Kanga ni habari nyingine, naigusa kwa sababu kwenye sketi yako kuna kanga. Kanga ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yake. Ukiikata kama kitenge unaiharibu. Pindo iende kwenye ukingo wa chini wa sketi au kwenye mkono, mji uwe mwili. Na jina lisome kabla hujashika mkasi! Kwenye picha yako maneno yamekatika nusu na yamekaa nyuma, juu ya makalio. Nimeyasoma mara mbili. Sitayaandika hapa, ila usiivae sketi hiyo kwenda kwa mama mkwe wako mtarajiwa.

Bei. Usiseme mabaki ni ya bure, maana umetumia asubuhi nzima kuyafua na kuyatenga. Nitakupigia hesabu ya mfano, wewe ubadilishe tarakimu za kwako. Tuseme jinzi umenunua 3,000 na inatoa mikoba miwili ukitumia hata sehemu ya kiuno kwa mikanda: kila mkoba 1,500. Mwavuli mbovu 500. Uzi, sindano na makaa ya pasi 500. Hiyo ni 2,500. Saa tatu za kazi, ukijilipa 2,500 kwa saa, ni 7,500. Jumla 10,000, na hujapata faida hata senti. Umejilipa kama kibarua. Ongeza 2,000 ya kukuza kazi, mkoba ni 12,000. Ukiona soko lako halifiki hapo, usijipunguzie mshahara, punguza saa. Kata mikoba sita kwa siku moja, shona vipande vyote siku ya pili, mikanda yote siku ya tatu. Saa tatu zitashuka kuelekea mbili bila wewe kukimbia.

Mteja akiuliza, "Hii si mtumba?" mwambie ndiyo, jinzi ni mtumba na vitenge ni mabaki ya mafundi. Wanaokimbia kwa jibu hilo ni wachache kuliko unavyoogopa, na anayegundua mwenyewe nyumbani ndiye anayekutangaza vibaya mtaa mzima. Na wale mafundi wanaokupa mabaki, wapelekee soda mara moja moja. Siku utakapoanza kuuza watakumbuka gunia lilitoka wapi.

Mkoba wa kwanza usiuuze. Ubebe mwenyewe sokoni wiki mbili, utie viazi, samaki, mkaa ukibidi, uufue, uuanike, uubebe tena. Wangu wa kwanza nilimuuzia jirani siku ileile nilipoumaliza, kwa furaha. Ulikatika mkanda akishuka mteremko wa Bugando, viazi vikatangulia mbele yake hadi chini, na wenye bodaboda wakasimama kumsaidia kuokota. Nilikuwa nimeshona mkanda mstari mmoja tu. Siku hizi kila mwisho wa mkanda nashona mraba, na ndani ya mraba msalaba, kupitia jinzi, shuka na bitana kwa pamoja. Jirani yule bado anautumia ule mkoba. Nilimshonea upya mkanda bila malipo, na viazi nililipa nusu.